Afande Naye Amlalamikie Nani?

Mhadhara uliotolewa kwa wakazi wa Eastlands, Nairobi

Ndugu zangu, haya mmenisikia nikiyasema Mathare, mkanisikia Dandora, na leo nayasema tena kwa sababu bado hayajafika yanakotakiwa. Konstebo wa Kenya hana chama cha wafanyakazi. Mwalimu ana KNUT, daktari ana KMPDU, hata makanga ana sacco. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007 inamweka polisi kando mapema kabisa, kifungu cha tatu. Na mimi, niliyesindikiza majeneza ya vijana wa mitaa hii waliouawa na polisi, ndiye ninayesema apewe chama.

Naona mmeanza kunong'onezana. Nipeni dakika.

Polisi walipoambiwa mwaka 2018 watoke kambini wakapange nyumba pamoja na raia, ploti yetu ilipata konstebo. Sare ile mpya ya buluu hakuianika nje hata siku moja. Aliianika ndani, karibu na stovu, ikawa inanuka mafuta taa. Saa kumi alfajiri tulisikia buti zake zikishuka ngazi, na saa tano usiku tukazisikia zikipanda. Langoni kulikuwa na mama anayepika chapati, na konstebo ndiye aliyekuwa mteja wake wa kwanza: chapati mbili na chai ya rangi, deni linaandikwa kwenye daftari hadi mwisho wa mwezi.

Mama huyo ameniruhusu nisimulie. Mwanawe, kijana wa miaka 19, alikamatwa, akarudi baada ya siku mbili hawezi kuinua mkono wa kulia. Mama akaenda kituoni. Kitabu cha OB, kile cha kuandikia matukio ya kituo, kilifunuliwa, jina la mwanawe halimo. Kesho yake alfajiri akamwuliza konstebo, "Baba Brian, mwanangu alipigwa na nani?" Yule bwana akatazama chini. Akatoa pesa, akalipa deni lote, na ilikuwa tarehe kumi na mbili. Akaondoka bila chapati.

Usiku akabisha kwangu. "Mzee, mimi niliona. Sasa nimwambie nani? Mkubwa wangu alikuwa amesimama pale mlangoni." Nikamwambia kuna IPOA, mamlaka huru inayochunguza makosa ya polisi, na sheria yake ya mwaka 2011 inaipa kazi ya kupokea hata malalamiko ya polisi wenyewe. Akaniuliza, "Nikipewa uhamisho kesho, IPOA itanilipia karo? Mke wangu anafanya kazi hapa, mtoto yuko darasa la pili. Nani atasimama na mimi?"

Nilikosa jibu. Hakuandikisha taarifa. Miezi michache baadaye alihamishwa hata hivyo, akapewa siku mbili, godoro likafungwa juu ya pikapu mvua ikinyesha.

Sasa niambieni. Ndani ya seli shahidi ni nani? Ni aliyepigwa, ambaye hataaminiwa, na ni askari aliyeona. Tumepigania IPOA tangu ripoti ya Jaji Waki, aliyeongoza tume ya kuchunguza ghasia za baada ya uchaguzi za 2007 na 2008, na nitaendelea kuipigania. Lakini mpelelezi wake hufika mlango ukiwa umeshafungwa. Ushahidi umebaki kwa konstebo, na konstebo tumemwacha peke yake na mkubwa wake.

Kuna anayeniambia, "Mzee, ukiwapa chama watalindana. Tazama Marekani." Nimetazama. Huko miji mingi imetia saini mikataba na vyama vya polisi inayofuta rekodi za nidhamu baada ya muda, au inayochelewesha askari kuhojiwa baada ya kupiga mtu risasi. Askari aliyemuua George Floyd kule Minneapolis mwaka 2020 alikuwa tayari na malalamiko mengi. Hicho sikitaki, na kikiletwa hapa nitakuwa wa kwanza barabarani. Kosa liko kwenye meza ya mazungumzo: nidhamu na mauaji viliwekwa pamoja na mishahara, vikajadiliwa kwa pamoja.

Lakini tazama na Afrika Kusini. Mwaka 1989, luteni Gregory Rockman wa Mitchells Plain, Cape Town, alitoka hadharani kuwashutumu polisi wenzake kwa kuwapiga waandamanaji. Katika vuguvugu hilo kikazaliwa chama cha polisi na askari magereza, POPCRU. Rockman alifukuzwa kazi, chama kikabaki. Sisemi ni chama cha malaika. Nasema kilianzia kwa askari aliyekataa kunyamaza, na sisi huyo tunamhamisha.

Nasikia pia kwamba Katiba imekataza. Someni Ibara ya 24(5). Inasema sheria inaweza kuwawekea polisi mipaka katika haki kadhaa, ikiwemo haki ya kujiunga na vyama. Inaweza! Bunge lililoweka mpaka linaweza kuusogeza. Waingereza waliwakataza polisi wao kuwa na chama cha wafanyakazi mwaka 1919, baada ya migomo, lakini sheria hiyohiyo ikawapa shirikisho la kuwasemea. Basi na hapa kiwepo chama kisichogoma, kinachosema juu ya saa za kazi, nyumba, ushauri nasaha na uhamisho, na kinachomwekea wakili askari anayetoa ushahidi. Uchunguzi wa raia aliyeumizwa au kuuawa kisiuguse.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Moja tu: Sheria ya Huduma ya Polisi, kifungu cha 41, inataka kila kaunti iwe na mamlaka ya polisi chini ya gavana au mtu atakayemteua, na ndani yake vijana, kina mama, watu wa dini, wafanyabiashara. Ni nani humu amewahi kualikwa kwenye kikao chake? Inueni mikono. Haya, Jumatatu saa tatu tunakwenda City Hall na barua, anayeweza aje.

Mama wa chapati yuko safu ya tatu, ameomba aulize kwanza. Mpeni maikrofoni.