Kilichokufa ni MBA ya Kuacha Kazi

ZUHURA: Haya, tumerudi hewani. Mimi Zuhura, na huyu Baraka, aliyekuja na chai ya tangawizi na hoja moja tu.

BARAKA: Moja inatosha, dada. Watu wanasema MBA, ile shahada ya uzamili ya biashara, imekufa. Mimi nasema kilichokufa ni MBA ya kuacha kazi.

ZUHURA: Fafanua.

BARAKA: Chukua Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani. Cha umma kile. Agosti 2017 wakatangaza kufunga MBA ya kutwa, na kundi la mwisho likamaliza 2019. Lakini ile ya watu walioajiriwa hawakuigusa. Mwaka huohuo 2019, Chuo Kikuu cha Illinois nao wakasema basi, darasani hatupokei tena.

ZUHURA: Illinois si ndio wenye ile ya mtandaoni?

BARAKA: Haswa, iMBA. Waliianza 2016 kupitia Coursera, jukwaa la kozi za mtandaoni, na kufikia 2019 ada yote ilikuwa kama dola 22,000. Unasoma uko kwako, mshahara unaingia. Sasa mtu aende Champaign, mji wa chuo, kutafuta nini?

ZUHURA: Baridi.

BARAKA: (anacheka) Na ile ya darasani ilikuwa inawatia hasara. Unajua zile orodha za kupanga vyuo kwa ubora? Zinaangalia alama za GMAT, mtihani wa kuombea MBA, zinaangalia mishahara ya wahitimu. Ili uwapate wenye alama kubwa, unawalipia ada. Yaani viti vimejaa, kapu tupu.

ZUHURA: Ila ada yenyewe naona ndiyo ndogo. Mtu anapokea milioni moja na nusu kwa mwezi, akiacha kazi miaka miwili ameshapoteza milioni 36 kabla hajanunua hata daftari.

BARAKA: Hapo ndipo penyewe.

ZUHURA: Ndiyo maana huku kwetu hilo si geni. Mzumbe iko Morogoro, lakini ina kampasi Dar, kwa sababu anayetaka MBA yuko ofisini, mjini. Mlimani nao wana ya jioni. Mimi mwenyewe nilisoma jioni, chuo sikitaji. Natoka kazini, nanunua hindi la kuchoma getini, naingia darasani na kitambulisho bado kinaning'inia shingoni. Ukiangalia safu ya mbele, kamba tupu: benki, bandari, kampuni za simu.

BARAKA: Na uchumi ukiyumba ndiyo wanazidi. Marekani maombi ya MBA yalishuka miaka kadhaa mfululizo, ilipofika 2020, korona imeshika kasi, yakapanda. Ajira zikikauka, watu wanakumbuka shule.

ZUHURA: Sawa, lakini takwimu za udahili zinahesabu wanaoingia mlangoni. Wanaotoka je? Sisi siku ya kwanza wengine walisimama, viti havikutosha. Kwenye mahafali kundi letu halikujaza safu mbili.

BARAKA: Wengine walienda wapi?

ZUHURA: Tasnifu. Masomo ya darasani mtu anayamaliza, kwa sababu kuna ratiba na kuna wenzako. Tasnifu uko peke yako, saa nne usiku, mtoto analia, na msimamizi hapokei simu.

BARAKA: Na wewe ulikuwa kwenye hizo safu mbili?

ZUHURA: Nilienda kupiga picha.

BARAKA: Dada!

ZUHURA: Sura ya nne iko kwa msimamizi, tangu Ramadhani.

BARAKA: Ramadhani ya mwaka gani?

ZUHURA: Kunywa chai yako, kaka. Inapoa.