Mnaniuliza kila siku: kwa mwezi nalipwa ngapi?

Jambo yenu wote, wa Birere, wa Katindo, wa Majengo, kwetu Goma. Tangu Kim Le Court wa Morisi avae jezi ya njano, ile ya anayeongoza, kwenye Tour de France ya wanawake, 2025, chini ya kila video yangu ni swali lile lile: "Dada, na wewe uko huko Ulaya kwenye mbio za kinga (baiskeli), wanakulipa ngapi?" Leo najibu. Mtu asiseme najivuna, na mwingine asiseme nimeanza kulialia. Baba yangu alishusha viazi toka Kibumba kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, na jioni alihesabu faranga mbele yetu wote. Nami nahesabu mbele yenu.

Timu yangu hainilipi mshahara. Sifuri. Inanipa baiskeli, nguo, chakula siku za mashindano na kiti ndani ya gari. Zile euro 38,000 kwa mwaka mnazoziona kwenye simu ni kima cha chini cha 2025 kwa aliyeajiriwa na timu ya daraja la juu, WorldTour. Na hao wenyewe kima kiliwafikia juzi tu, 2020, kikianzia euro 15,000. Sisi wa timu za kontinenti, daraja la chini, hakituhusu. Pesa ya kuishi naitafuta kwa kazi nyingine: siku nne kwa wiki naogesha wazee na kuwalisha. Mazoezi nayafanya kabla hakujapambazuka.

Mtasema, na zawadi je? Mwingereza Lizzie Deignan aliposhinda mbio za Paris-Roubaix za kwanza za wanawake, 2021, waandalizi walimpa euro 1,535. Mwanaume aliyeshinda kesho yake alipata 30,000. Mimi nikiambulia kitu, tunagawana timu nzima.

Sasa kuna ndugu yangu mmoja aliyeandika kwenye grupu ya familia kwamba nakula peke yangu. Aliona picha niko juu ya baiskeli ya bei kali. Ndugu yangu, ile ni ya timu, msimu ukiisha wanaichukua! Iliniuma sana, maana mwezi ule ule nilikuwa nimetuma minervali, karo ya shule, ya mtoto wake.

Halafu makaratasi. Kila mwaka nikienda kuongeza kibali cha kukaa wanataka kuona mapato. Nilimpa mama wa dirishani mkataba wa timu. Kidole chake kikashuka mstari kwa mstari, kikasimama kwenye sifuri, akanirudishia: "Hii si kazi." Goti langu lilikuwa bado limefungwa bandeji.

Mbio za Uingereza ndizo sizisahau. Wenzangu wana pasipoti za Ulaya, walivuka tu. Yangu ilikuwa imelala kwenye ofisi ya viza. Aliyechukua nafasi yangu alimaliza kati ya kumi wa kwanza, na leo ana mkataba wa pesa. Alistahili, sikatai. Ila nafasi ilikuwa yangu.

Wadogo zangu mnaouliza mje ama msije, hilo siwezi kuwaamulia. Mwingine ana shangazi wa kumpokea, mwingine hana mtu. Mimi nilikuja, na milima bado naipenda. Lakini mtu akikuletea mkataba, tafuta kwanza pale palipoandikwa mshahara. Ukikuta pako wazi, niandikie kabla hujatia sahihi. Hata usiku wa manane, nitajibu.