Dhamana Ukiwa Umeshafungwa

Asanteni. Mzee wa mtaa ameniomba nizungumze polepole, na Kizungu cha kortini nikiache huko huko kortini. Nitajitahidi.

Siku moja mama mmoja wa Kisauni, hapa Mombasa, alinijia ofisini na bahasha ya kaki. Mwanawe alikuwa amefungwa mwaka mmoja na hakimu. Rufaa ilishawekwa ndani ya siku 14, vizuri kabisa, na mtu fulani alikuwa amemwandikia hati ya kiapo ili kijana atoke kwa dhamana rufaa ikisubiri. Nikaisoma. Aya ya kwanza: kijana ndiye tegemeo la nyumba. Ya pili: ana watoto watatu. Ya tatu: ana sukari, na kadi ya kliniki imebanwa nyuma. Ya nne: hajawahi kushikwa. Ya tano: hatatoroka, na mjomba yuko tayari na hati ya shamba. Nikageuza ukurasa nitafute palipoandikwa hakimu alikosea wapi. Hapakuwepo.

Yote yale yalikuwa kweli, nami nilimwamini. Ila Mahakama ya Rufaa ya Kenya ilishayajibu mwaka 1986, katika kesi ya Dominic Karanja. Tabia njema ya zamani na dhiki ya familia si sababu za kipekee za kumtoa mfungwa kwa dhamana. Ugonjwa peke yake hautoshi, maadamu gerezani kuna matibabu. Kuapa kwamba hutatoroka nako hakutoshi, hata ukija na wadhamini. Utadhani majaji waliifungua bahasha ya yule mama.

Dada pale anauliza mbona kabla ya hukumu mambo haya haya husikizwa. Ni kwa sababu kabla ya hukumu huna hatia. Kifungu cha 49 cha Katiba kinakupa dhamana, na anayetaka ubaki ndani ndiye anayetakiwa kuleta sababu nzito. Hakimu akishatamka kwamba una hatia, mzigo unahamia mabegani mwako. Hukumu ile inasimama mpaka ivunjwe. Wala dhamana haijafutwa: vifungu vya 356 na 357 vya sheria ya mwenendo wa mashtaka ya jinai vinairuhusu, kwa hakimu yule yule au Mahakama Kuu. Mimi huenda Mahakama Kuu. Kwa hakimu unamwomba mtu akubali kwamba kazi yake ya juzi huenda ikaanguka, na wachache hupenda.

Sasa mahakama inatafuta nini? Kesi ya Jivraj Shah, mwaka ule ule wa 1986, ilitaja mambo mawili yanayokwenda pamoja. Kwanza, ukiitazama rufaa kwa juu juu tu, ionekane kuna hoja kubwa ya kisheria inayoweza kuishindisha. Pili, kufikia siku ya kusikizwa, kifungo kiwe kimekwisha, au sehemu yake kubwa.

Hoja kubwa ni ile inayoonekana kwenye faili yenyewe, bila kumwita shahidi. Tuseme mvuvi kasomewa shtaka kwa Kiingereza asichokijua, rekodi haionyeshi mkalimani, wala maelezo ya kisa hayakusomwa, na bado imeandikwa kwamba alikubali kosa. Tangu kesi ya Adan mwaka 1973 inajulikana kwamba kukiri kosa hakupokelewi hivyo. Karatasi kama hiyo jaji akiishika, mdhamini anakuwa jambo dogo.

Kuhusu muda, chukueni kalamu. Kifungo cha miezi 12, mfungwa akitulia, hupunguzwa theluthi, inabaki minane. Mwenendo wa kesi, yaani rekodi ya yaliyosemwa kortini, haujapigwa chapa, rufaa haijapangiwa tarehe. Mtu anaweza kushinda rufaa akiwa ameshafika nyumbani kwa kumaliza kifungo. Ndiyo maana nawaambia jamaa waombe nakala za mwenendo na hukumu siku ile ile ya hukumu, kwa barua, na nakala ya barua igongwe muhuri wa kupokelewa. Jaji akikunyima dhamana, bado unaweza kumwomba rufaa isikizwe upesi, na barua ile itakusaidia.

Kuna jambo ambalo familia nyingi haziambiwi. Rufaa ikianguka, siku ulizokaa nje kwa dhamana hazihesabiwi. Unarudi kuanzia pale ulipoachia.

Nilikwenda kumwona yule kijana gerezani. Alikuwa amekaa miezi mitatu. Nikamweleza kwamba hukumu nimeisoma mara mbili na sikuona pa kushika pa maana, lakini kama anataka nitajaribu.

"Nikitoka, kisha rufaa ianguke, narudi?"

"Unarudi."

"Na hii mitano iliyobaki?"

"Inakungoja yote."

Akahesabu kwa vidole, akatazama ukutani kidogo. "Basi mwambie mama aniletee dawa ya sukari," akasema, "na ile hati ya shamba amrudishie mjomba."