Gayogayo: Jinsi ya Kumkagua Samaki Aliyelalia Ubavu

Karibuni watazamaji. Mezani tuna gayogayo wawili wa ghuba ya Mikindani. Ukimwona bapa hivi usimfananishe na taa. Taa analalia tumbo. Huyu analalia ubavu, kama samaki mwingine yeyote aliyeangushwa mchangani.

Msuuze utelezi, umlaze macho juu. Sasa mzungushe mpaka kidevu na mapezi madogo ya chini ya koo yakuelekee wewe. Kichwa kikiwa kushoto kwako, macho yapo ubavu wake wa kushoto. Kikiwa kulia, ni wa kulia. Wengi hukosea hapa kwa sababu mdomo umepinda, mgongo ukadhaniwa tumbo. Anapoanguliwa ana jicho kila upande na huogelea wima. Akikua, jicho moja huhama likavuka utosi.

Mpindue. Upande huu mweupe ndio unaolalia mchanga.

Huyu wa pili, mwenye macho kulia na madoa ya duaraduara, mshike kwa uangalifu. Minya shina la pezi la mgongoni, polepole... umeona? Maji meupe kama tui. Ni sumu ya kujikinga, hata papa humtema. Akiwa hai, usimtie ndoo moja na samaki wengine, utawakuta wamekufa.

Kumpasua: chukua kisu chembamba, anza nyuma tu ya shavu, kata upinde wa sentimita 3 hivi kwa samaki wa ukubwa wa kiganja. Kata juujuu. Ukizamisha kisu unapasua nyongo, na nyama inakuwa chungu. Matumbo yote yamebanwa hapa mbele. Jike mwenye mayai ndiye utaona mifuko yake imejipenyeza kuelekea mkiani. Kibofu cha hewa usikitafute, mkubwa hana. Ndiyo maana akiacha kuogelea anazama.

Kumwona akiwa hai, ngoja bamvua, siku za maji kujaa na kupwa sana, mwezi mwandamo au mpevu. Shuka saa moja kabla ya maji kupwa kabisa, na viatu, ukiburuza miguu ili taa akimbie usimkanyage. Usitafute samaki, tafuta macho: shanga mbili zilizochomoza mchangani, kila moja ikizunguka kivyake. Ukizipata, simama, kivuli chako kiwe nyuma. Kisha angalia pembeni utaona mstari hafifu wa duara dufu, huo ndio ukingo wa mapezi.

Msogelee taratibu. Atachomoka, ataogelea hatua chache chinichini, mapezi yakipiga mawimbi, kisha atatua. Hapo usipepese: hupigapiga mwili mara mbili tatu, mchanga unaruka na kumwangukia juu. Akitua kwenye majani ya bahari, subiri kidogo, rangi yake itakolea.

Maji yakianza kujaa, rudini pwani.