Mimea ndani ya tundu la ndege: ipi iwe hai, ipi iwe bandia, na ikae wapi

Karibuni tena, wapenzi watazamaji. Leo tuko kibarazani, na tundu hili mnaloliona lina baji, wale kasuku wadogo wa Australia. Ni safi, lina vyombo vya maji na chakula, lina vijiti vya kutulia. Kinachokosekana ni majani. Basi leo tunaliwekea majani, hai na bandia, na nitakuonyesha kila kimoja kinakaa wapi.

Kabla hujaenda dukani wala kitaluni, mtazame ndege wako mdomo. Mdomo uliopinda, kama wa baji, kokatili au kasuku yeyote, ni mdomo wa kutafuna. Huyu akikaa na kitu ndani ya tundu atakirarua tu, leo au kesho. Mdomo mfupi ulionyooka, kama wa kanari na zebra finchi, ni wa kumenya mbegu na kunyofoa majani laini. Huyu hana nguvu ya kuvunja plastiki.

Sasa kanuni yangu ni hii: kwa ndege wa mdomo uliopinda, ndani ya tundu usiweke jani ambalo hungependa liliwe. Ndani wekeni mmea hai. Bandia ikae nje. Najua picha nyingi za mtandaoni zinaonyesha kasuku amezungukwa na maua ya plastiki, na zinapendeza kweli, lakini zimepangwa kwa ajili ya macho ya mwenye nyumba.

Tuanze na hiyo bandia. Hiki ni kishada cha kawaida cha majani ya kutambaa, kile kinachouzwa kwenye maduka ya mapambo. Kukagua kwanza. Kunja shina taratibu namna hii. Ukisikia ugumu unaokaa jinsi ulivyoukunja, ndani kuna waya. Waya wa namna hiyo mara nyingi umepakwa zinki, na zinki ikimezwa ni sumu kwa ndege. Halafu shika jani moja uvute. Limechomoka kwa vidole vyangu viwili, mmeona? Basi kwa mdomo wa kasuku litachomoka haraka zaidi, na kipande cha plastiki kikiingia tumboni kinaweza kuziba njia ya chakula. Mwisho, chukua kitambaa cheupe, kichovye kwenye maji ya uvuguvugu yenye siki kidogo, usugue jani. Kitambaa kikipata rangi ya kijani, kishada hicho hakifai hata kwa nje.

Kuna na yale majani ya kitambaa, ya hariri bandia. Hayo mimi siyapendi kabisa. Pembeni hutoa nyuzi, na uzi mwembamba ukizunguka mguu wa ndege hukaza kila anapojaribu kujitoa, mpaka damu ikashindwa kufika kidoleni.

Kishada kilichopita majaribio yote matatu kioshe kwa sabuni ya maji, ukisuuze vizuri, ukikaushe. Sasa sogea nami huku nyuma ya tundu. Nimefunga kishada ukutani, siyo kwenye nondo za tundu, na nimeacha nafasi ya kiganja kizima katikati, maana kasuku hutoa mdomo kwenye nondo na kuvuta anachokifikia. Kama tundu lako haliko karibu na ukuta, tengeneza fremu ya mbao nyepesi, ufunge majani hapo, uisimamishe nyuma.

Kazi yake ni pazia. Ndege ni mnyama anayewindwa, na tundu lililo wazi pande zote nne halimpi mahali pa kuupa mgongo ulimwengu. Ukiishi Pwani unajua ninachosema. Wale kunguru wenye shingo ya kijivu, walioletwa Zanzibar kutoka India mwishoni mwa karne ya 19 na sasa wamejaa Dar es Salaam, Tanga na Mombasa, hawaoni haya kutua juu ya tundu la kibarazani na kumtisha aliyemo. Pazia la nyuma na la ubavu mmoja, pamoja na kipande cha ubao juu, hubadilisha kabisa utulivu wa ndege. Mbele pabaki wazi, apate mwanga na hewa.

Wenye kanari na finchi, nyie mna ruhusa zaidi. Majani ya plastiki nzima yasiyo na waya mnaweza kuyaweka ndani, kwenye pembe ya juu, karibu na kikapu cha kiota. Finchi hasa hutulia wakiwa na mahali pa kujificha. Ila yatoeni kila wiki myaoshe. Kinyesi hukauka kwenye mikunjo, na utitiri, yuleyule anayesumbua kuku, hujificha humo mchana na usiku hutoka kunyonya damu. Tikisa kishada juu ya karatasi nyeupe. Ukiona vidoa vinatembea, umempata.

Haya, tuje kwenye mimea hai, ambako ndiko kwenye kazi.

Kwanza ninayoikataa. Mparachichi usiingie, iwe jani, tunda au gome. Una sumu inayoitwa pesini, na ndege mdogo anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Olianda, ile yenye maua ya waridi inayopandwa kwenye bustani nyingi, hapana. Mbarika hapana. Mturituri, wenye zile mbegu nyekundu zenye kidoa cheusi, hapana, na usitumie mbegu zake hata kwa kutengenezea vitu vya kuchezea. Mnyaa una utomvu unaochoma. Mranaha na lantana hapana. Majani ya muhogo yana sianidi. Sisi tunayatwanga na kuyapika, ndege anayala mabichi. Na ile mimea ya ndani yenye majani mapana ya madoa meupe, difenibachia, pamoja na pothosi inayotambaa juu ya kabati za sebuleni, huchoma mdomo na koo. Kama huujui mmea, jibu ni hapana mpaka utakapoujua.

Ninayoikubali: mrihani, mmea buibui wenye majani marefu ya mistari, ule mmea wa kuning'inia uitwao Boston fern, wenye majani kama manyoya, haibiskasi, mwanzi, na tawi la mpera pamoja na majani yake. Tawi la mpera ni zuri sana. Ni gumu, unene wake haulingani kila mahali, hivyo miguu ya ndege inafanya mazoezi, na gome lake analimenya kwa raha.

Leo natumia huu mmea buibui. Umetoka kitaluni kando ya barabara, kwa hiyo nachukulia kwamba umepuliziwa dawa. Utoe kwenye mfuko wake, kung'uta udongo wote wa zamani, maana huenda una mbolea ya viwandani. Suuza mizizi kwenye beseni. Majani yaoshe moja moja, juu na chini, kwa maji yanayotiririka. Upande upya kwenye chungu cha udongo chenye tundu chini, kwa udongo mpya uliochanganywa na mchanga, bila mbolea. Kisha uache mbali na ndege kwa mwezi au zaidi, utoe majani mapya. Hayo mapya ndiyo ninayoyaamini. Ya zamani nayakata.

Huu hapa ulishakaa muda wake, tuendelee. Juu ya udongo panga mawe laini, makubwa kuliko kichwa cha ndege wako, hivi, yabanane. Mawe yanamzuia kuchimba, na udongo mbichi ukichimbwa hutoa kuvu, na vumbi la kuvu huingia kwenye mapafu ya ndege kirahisi mno. Mwagilia asubuhi, acha maji yachuruzike, ndipo urudishe chungu ndani. Usiweke kisahani cha maji chini. Kisahani ni kitalu cha mbu. Sisi watatuletea homa ya dengi, na ndege wanaweza kuletewa ndui yao.

Mahali pa chungu ni kwenye sakafu ya tundu, pembeni, pasipokuwa na kijiti juu yake. Kikiwa chini ya kijiti, kwa siku mbili tu kitakuwa choo. Kisiwe karibu na chombo cha maji. Katikati pabaki wazi kwa kuruka. Tundu likijaa majani, ndege anaruka sentimeta chache na kutua, anaruka na kutua, na mabawa yanadhoofika.

Ukiwa na baji, nyunyiza maji safi kwenye majani asubuhi. Porini kwao hujiogesha kwenye nyasi zenye umande, na beseni la kuogea wengi wao hulisusia. Mtazame huyu wa bluu. Anajisugua ubavu, sasa anapita kifua.

Mmea wa chunguni utararuliwa, na lazima uwe tayari kwa hilo. Ndiyo maana mimi nina viwili: kimoja ndani, kingine kinapumzika juani. Kikibaki vishina, nabadilisha.

Kama hilo ni zito kwako, kuna njia ya gharama ndogo ambayo kwa kweli naipenda kuliko chungu. Chukua uwele ule ule unaowalisha, gao moja, hakikisha siyo mbegu ya kupandia iliyopakwa dawa. Loweka usiku kucha. Asubuhi suuza mpaka maji yatoke meupe, tandaza kwenye sinia la kina kifupi lenye udongo safi kidogo, funika kwa kitambaa kibichi. Suuza au nyunyiza mara mbili kwa siku. Joto letu linaharakisha. Siku chache tu utaona kijani. Nyasi zikifika urefu wa kidole, weka sinia zima ndani ya tundu. Watatembea juu yake, watang'oa, watakula hadi mizizi. Ikinuka uchachu au ukiona utando mweupe kwenye mbegu, mwaga bila kuwaza mara mbili. Na jioni sinia litoke, lisilale ndani.

Wenye kasuku wa Fischer, wale wa kijani wenye uso wa rangi ya chungwa, nyumbani kwao ni hapa hapa kaskazini mwa Tanzania, kusini mwa Ziwa Victoria. Walikamatwa sana kwa biashara ya matundu hadi idadi yao porini ikashuka, kwa hiyo chukua waliozaliwa tunduni kutoka kwa mfugaji mwenye kibali. Wa porini waacheni. Hawa wape ukuti mbichi wa mnazi, uliooshwa, ufungwe kwenye nondo kwa kamba ya katani fupi. Jike ataupasua vipande virefu, avibebe mdomoni kwenda kujenga kiota. Kama huhitaji vifaranga, ukiona amebeba kipande cha kwanza, toa ukuti na uweke tawi la mpera badala yake.

Mmea wowote ukiuingiza, siku ya kwanza uingize asubuhi, siyo jioni, ili upate mchana mzima wa kuangalia. Ndege kuogopa kwa saa kadhaa ni kawaida. Kujikunyata manyoya yamevimba, mkia ukipanda na kushuka kila anapopumua, au kutapika, siyo kawaida. Toa mmea, mweke ndege mahali pa joto palipotulia, na unapokwenda kwa daktari wa mifugo beba tawi la mmea huo mfukoni.