Chekechea za madrasa: nani amlipe mwalimu?

REHEMA: Assalaam alaykum na hamjambo nyote. Karibuni kipindini. Mimi ni Rehema, niko na kaka Omari, na leo ni shule za chekechea za madrasa, zile zilizoanzia Mombasa. Kaka Omari, hili wewe ndiye uliyelishikilia.

OMARI: Nimelishikilia, dada Rehema, kwa sababu tumechoka kusikia "ushirikiano na jamii" ambao mradi ukifungasha virago, mlango unatiwa kufuli. Hizi zilianza katikati ya miaka ya 1980, na ziko ambazo asubuhi hii watoto wamo ndani wanasoma.

REHEMA: Tuwaeleze chanzo kwanza. Ombi lilitoka kwa wenyewe.

OMARI: Naam. Mwaka 1982 viongozi wa Kiislamu wa Pwani ya Kenya walimweleza Aga Khan, kiongozi wa Waislamu wa Kiismailia mwenye mashirika ya maendeleo, kwamba watoto wao wanabaki nyuma mashuleni. Mtoto wa miaka minne alikuwa anapelekwa chuoni kusoma Qur'ani. Akifika darasa la kwanza anawakuta wenzake wamepitia nasari, washajua kushika penseli, washazoea maneno ya Kiingereza. Na nasari zenyewe nyingi zilikuwa za makanisa, au za watu binafsi na karo yake si ya mvuvi wala mbeba mizigo.

REHEMA: Kwa hiyo mzazi ana mawili: dini ya mtoto au shule ya mtoto. Mimi nasema hakuna mzazi anayestahili kuwekwa njia panda ya namna ile.

OMARI: Ndipo jawabu likawa kuviunganisha viwili chini ya paa moja. Na hapa lazima tumtaje Bi Swafiya Said, mwalimu wa Mombasa aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi. Kazi ile ilitaka mtu anayejulikana, wa kukaa na kina mama na wazee wa msikiti, azungumze nao mpaka waridhike.

REHEMA: Makubaliano yalikuwaje? Maana hapo ndipo miradi mingi huharibika.

OMARI: Yaliandikwa na kutiwa saini. Jamii inatoa chumba, mara nyingi kile kile cha chuo au kilicho ubavuni mwa msikiti. Inachagua kamati, na kina mama wamo. Inateua mabinti wa mtaa huo huo wasomeshwe ualimu. Mradi, ule wa mashirika ya Aga Khan, nao unawafundisha, unaleta vifaa vya kuanzia, na mkufunzi anarudi darasani mara kwa mara kwa kama miaka miwili, akae, atazame, amrekebishe mwalimu palepale. Zanzibar wakaingia 1990, Uganda 1993. Baadaye shule zikapita 200 katika nchi hizo tatu.

REHEMA: Ngoja, nataka wasikilizaji waingie darasani. Hakuna safu za madawati. Kuna mkeka na kona: kona ya nyumbani ina mbuzi ya nazi na vijungu, kona ya vitabu, kona ya kujenga. Vifaa ni vifuu, kombe za pwani, mbegu za ubuyu, vifuniko vya soda vilivyooshwa. Mtoto anapanga vifuniko, vyekundu huku, vya kijani kule, na mwalimu amechuchumaa mbele yake anamuuliza, "Vipi vingi? Umejuaje?" Hilo "umejuaje" ndilo linalonifurahisha mimi. Mtoto wa maskini kwa kawaida huambiwa nyamaza, rudia nilivyosema. Hapa anaulizwa fikira yake.

OMARI: Na kabla ya uji wanasoma dua.

REHEMA: Wanasoma dua, wanaimba za kwao. Mama akija kumchukua mwanawe haoni kitu kigeni.

OMARI: Na matokeo yalipimwa. Peter Mwaura, Kathy Sylva na Lars-Erik Malmberg walichapisha utafiti mwaka 2008, wakiwalinganisha watoto wa Kenya, Uganda na Zanzibar: waliobaki nyumbani, waliosoma chekechea nyingine, na waliosoma hizi za madrasa. Waliokwenda chekechea yoyote waliendelea vizuri kuliko waliobaki nyumbani, na wa madrasa wakawazidi wote.

REHEMA: Alhamdulillahi. Lakini kaka, sasa nikuulize lile linaloniuma. Mwalimu analipwa na nani?

OMARI: Na karo ya wazazi.

REHEMA: Wazazi gani? Msimu wa kusi mvuvi hatoki, karo haipatikani, na mwalimu anakaa bila mshahara. Naye asubuhi anafika, kwa sababu watoto ni wa jirani zake. Tunamsifu kwa kujitolea, na sifa haziwashi jiko. Halafu walioshapata mafunzo mazuri wanachukuliwa na shule zinazolipa, na ni haki yao kwenda.

OMARI: Waanzilishi waliliona hilo. Walianzisha mfuko wa akiba: jamii inachangisha, mradi unaongezea, fedha zinawekezwa pamoja, na faida inarudi shuleni. Ilisaidia.

REHEMA: Ilisaidia, ila faida ya mfuko mdogo haiwezi kuwa mshahara. Mimi naona kuna dhuluma iliyojificha hapa. Mtaa wenye uwezo unapata shule ya serikali karibu na mwalimu wa serikali. Mtaa maskini unaambiwa "shirikianeni", maana yake jengeni, changeni, mlipe wenyewe. Pengo haliwezi kuzibwa na aliye upande wa chini peke yake.

OMARI: Hapo nakubaliana nawe, ila nisingetaka jamii itolewe. Zanzibar, sera ya elimu ya 2006 iliingiza maandalizi, yaani chekechea, katika elimu ya lazima. Kenya, Katiba ya 2010 iliikabidhi kaunti elimu ya chekechea, na kaunti zikaanza kuajiri walimu. Vizuri. Lakini kamati ya wazazi ndiyo inayojua nani hajaja wiki nzima na kwa nini. Afisa wa kaunti hawezi kujua.

REHEMA: Basi kila mmoja ashike lake. Kamati ibaki na shule, serikali ishike mshahara. Na mafunzo ya yule binti aliyefundishwa na mradi yatambuliwe, asianze upya.

OMARI: Kwa wasikilizaji wetu wa Kenya: bajeti ya kaunti haipiti bila kusikiliza maoni ya wananchi. Ni sheria. Kamati nyingi za chekechea hazifiki kwenye vikao hivyo, na wanaofika huomba barabara na taa.

REHEMA: Nendeni na daftari la mahudhurio. Mwonyesheni afisa idadi ya watoto, jina la mwalimu, cheti chake, na miezi ambayo hakulipwa. Ombi liwe moja, limeandikwa, na nakala ibaki kwenu ikiwa imepigwa muhuri.