Nusu mita kutoka kwenye sailensa: mhadhara kuhusu kelele za pikipiki na magari mjini Mtwara

Wazee wangu, shikamooni. Na vijana wa kijiweni mliosimama kule nyuma, sogeeni, viti vipo. Nyinyi ndio hasa nilitaka mnisikie.

Hali sitaieleza. Anayelala Chikongola, au mwenye mgonjwa wodini Ligula, anajua saa nane usiku barabarani kuna nini. Nataka kusema juu ya dawa, kwa sababu kila tukikaa kuzungumzia sheria ndogo ya kelele, mtu huleta sentensi ileile: "Ni marufuku chombo cha moto kupiga kelele za kukera." Nimeipinga mara nyingi na leo naipinga tena. Kukera kwa sikio la nani? Mgambo akisema imekera, kijana anajitetea vipi? Hana cha kujitetea nacho, atatoa chochote mfukoni aondoke, na usiku pikipiki ni ileile, sailensa ni ileile. Sheria isiyo na namba haipunguzi kelele hata kidogo.

Kuna atakayesema namba tayari zipo, tangu kanuni za kelele na mitetemo za mwaka 2015 chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira. Ni kweli zipo. Lakini nyingi ya hizo zinapima mahali: eneo la hospitali kiasi hiki, la makazi kiasi hiki, mchana na usiku. Ni kanuni nzuri kwa baa na kiwanda, kwa sababu baa haihami. Pikipiki inapita kwa sekunde sita na kupotea, huwezi kumtwisha dereva mmoja kelele ya mtaa mzima. Chombo kinachotembea kipimwe chenyewe, kikiwa kimesimama, pale moshi unapotokea.

Utaratibu wa kupima upo, unatumika katika nchi nyingi, na si mgumu. Injini iwe imepata moto. Kipaza cha kipimo kikae nusu mita kamili kutoka mdomo wa bomba, pembeni kwa nyuzi 45, kisikae mkabala nao moja kwa moja, maana upepo wa moshi utakipiga na kusoma uongo. Kimo chake kiwe sawa na mdomo wa bomba, lakini kisishuke chini ya sentimita 20 kutoka ardhini. Ndani ya mita tatu kuzunguka kipaza kusiwe na ukuta, gari wala umati wa watu, kwa sababu sauti inarudi. Dereva ashikilie mizunguko ya injini: pikipiki ambayo nguvu zake za juu zinapatikana kwenye mizunguko 7,500 kwa dakika inapimwa kwenye nusu yake, yaani 3,750. Aishikilie kidogo, kisha aachie. Mnachukua namba ya juu kabisa. Mnarudia mpaka mpate tatu zinazofuatana zisizopishana zaidi ya desibeli mbili. Kelele ya eneo lenyewe iwe chini kwa desibeli 10 au zaidi, la sivyo mnapima soko.

Mambo matatu yanaharibu kipimo hapa kwetu. La kwanza ni upepo. Ukizidi mita tano kwa sekunde kipimo hakifai, na kusi likishika pwani hii mchana linazidi. Basi pimeni asubuhi, na kipaza kivae kofia yake ya sponji. La pili, pikipiki zetu nyingi hazina mshale wa mizunguko, na askari atasema "piga resi" kwa kukisia. Hapana. Kuna kifaa kidogo chenye waya unaozungushwa juu ya waya wa plagi, kinahesabu mizunguko bila kufungua kitu. Bila hicho hakuna kesi. La tatu ni simu. Programu za simu zinapishana kwa desibeli kadhaa, na simu nyingi zinabana sauti kubwa zenyewe. Kinunuliwe kipimo halisi pamoja na kile kidude chake cha kukihakikishia, kinachotoa sauti ya desibeli 94 isiyobadilika. Kabla na baada ya zoezi mnakichomeka kwenye kipaza: kipimo kikisoma 94, endeleeni, kikisoma 97, futeni matokeo yote ya siku hiyo.

Sasa nifafanue desibeli, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapopotea, na hapa nitakaa.

Desibeli haijumlishwi kama kilo. Ikiongezeka 10, nishati ya sauti imekuwa mara kumi, ingawa sikio linaona kama imekuwa maradufu. Pikipiki ya cc 125 au 150 yenye sailensa nzima kwa kawaida husoma chini ya 90 kwenye nusu mita. Itoeni vizuizi vya ndani, ipande kwa 10. Pikipiki hiyo moja sasa inatoa nishati ya sauti sawa na pikipiki kumi nzima zikiwashwa pamoja. Hesabuni kijiwe chenye pikipiki kumi, tisa nzima na moja iliyotobolewa: ile moja inatoa zaidi ya nusu ya kelele yote ya kijiwe. Vijana, mnaona ninachosema? Mnatukanwa wote kwa ajili ya mmoja. Kipimo ni kinga yenu nyinyi tisa.

Na umbali: kila unapouzidisha maradufu, sauti inashuka desibeli sita. Kutoka nusu mita hadi mita 8 umeuzidisha maradufu mara nne, imeshuka 24. Chombo kinachosoma 102 kwenye bomba kinafika na 78 kwenye nyumba iliyo mita 8 kutoka barabarani. Dirisha letu ni la nyavu, liko wazi kwa sababu ya joto, linapunguza 15 hivi. Kitandani inabaki 63. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 1999, lilisema kelele ya ghafla chumbani isizidi 45 ili mtu asiamshwe. Hiyo ni zidio la 18. Ndiyo maana mtoto anashtuka, na mzee mwenye shinikizo la damu anakaa macho mpaka alfajiri.

Napendekeza kikomo cha 92 kwa pikipiki zote, kwenye nusu mita. Mji wa Edmonton, Kanada, uliweka 92 kwa pikipiki iliyowashwa bila kupigwa resi na 96 kwa mizunguko inayozidi hapo, na wao wana mapikipiki makubwa ya kifahari. Sisi tuna cc 125. Sailensa nzima itapita 92 kwa nafasi.

"Lakini fundi, sailensa inaoza yenyewe!" Kweli, na sababu yake inajulikana. Lita moja ya petroli ikiungua inatoa karibu lita moja ya maji, kama mvuke. Safari fupi za bodaboda, sokoni na kurudi, haziipi sailensa joto la kutosha, mvuke unageuka maji humo ndani. Ongezeni hewa ya chumvi ya Mikindani. Chini ya sailensa kuna kitundu cha kutolea maji, kikizibwa na tope ndiyo mwisho wake. Kizibueni kwa waya mwembamba kila mkiosha chombo. Msikitoboe kikawa kikubwa.

Ikishaoza, fundi anaikata azibue masizi, na ndani anakuta vyumba na mabomba madogo yanayorudisha moshi nyuma kabla ya kuutoa. Anavitupa. Anachomelea ganda tupu, anasema sasa inapumua. Haipumui chochote! Kabureta ilipangwa kwa sailensa ile, ukiifungua mchanganyiko unakuwa na hewa nyingi na mafuta machache, plagi inakuwa nyeupe, valvu ya moshi inaungua. Na ile milio ya kupasuka ukiachia mafuta mara nyingi ni hewa inayovutwa kwenye gasketi iliyochoka pale bomba linapoungana na injini. Gasketi ile ni pete ndogo, ibadilishwe kila bomba linapofunguliwa, na nati zake mbili zikazwe kidogokidogo kwa zamu. Kujua kama inavuja, washeni injini ikiwa ya baridi na mpake povu la sabuni kwenye maungio. Povu likicheza, mmepaona.

Kwa hiyo sheria isianze na faini. Aliyezidi 92 apewe karatasi yenye namba yake na siku 14 za kutengeneza, arudi apimwe bure. Akirudi na namba ileile, hapo faini. Na fundi anayeuza sailensa tupu naye awemo, maana yeye ndiye anayezitengeneza.

Kuna hoja moja inanichosha, kwamba kelele inaokoa maisha kwa sababu gari linakusikia. Mdomo wa bomba unatazama nyuma. Anayekusikia vizuri ni uliyekwisha kumpita. Anayekugonga anatoka mbele au kwenye makutano, amefunga vioo. Washa taa mchana, vaa kizibao cha kung'aa.

Na ngoma za unyago? Hizo zina msimu, siku na kibali, mtaa mzima umealikwa. Msizichanganye na hili.

Magari nitayapitia haraka, muda umekwisha. Utaratibu ni uleule, mizunguko ndiyo tofauti: injini yenye nguvu za juu kwenye 5,000 au chini inapimwa kwenye robo tatu, na zinazozidi hapo mpaka 7,500 zinapimwa kwenye 3,750. Malori ya makaa ya mawe yanayokwenda bandarini yanataka mjadala wao, kwa sababu kelele yao kubwa ni breki ya injini na matairi, na dawa yake ni njia na saa za kupita. Rada za kelele, yaani mitambo ya barabarani inayonasa vyombo vyenye kelele, zilizojaribiwa Ufaransa, ni ghali, tusizisubiri.

Njia ya sheria yenyewe iko katika Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji), Sura ya 288: rasimu, tangazo kwa wananchi watoe maoni, baraza la madiwani, idhini ya waziri, Gazeti la Serikali. Hatua ya maoni ndiyo yenu. Andikeni, na muandike namba: 92, nusu mita, nyuzi 45, siku 14.

Waliokuja na pikipiki, tokeni mziwashe zipate moto. Kipimo kiko pale kwenye uwazi, mbali na ukuta. Tuanze na yule mwenye sailensa ya kuchomelea, kwa hiari yake, hakuna atakayeandika jina lake.